Naambiwa nipande cheo, na hata pumzi sina

BARUA YA MSOMAJI

Mpendwa Mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mwanamme wa miaka 38, nina mke na watoto watatu, tunaishi Fuoni. Kwetu ni Wete, Pemba, ila Unguja nilikuja kusoma na nikabakia. Nafanya kazi ya manunuzi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Naomba nisiitaje.

Watu wakisikia nafanya kazi hotelini wanadhani nakaa kwenye kiyoyozi. Kazi yangu ni kuhakikisha jikoni hakukosekani kitu. Saa kumi na moja alfajiri nishatoka nyumbani. Naanzia Mwanakwerekwe kwa mboga na matunda, naingia Malindi kwa samaki, namalizia Darajani kwa vitu vya dukani, kisha vespa naiacha mjini na napanda gari ya mzigo mpaka hotelini. Mchana ni risiti, stoo na mahesabu. Nikifika nyumbani mapema ni saa mbili usiku. Ndivyo ilivyo siku sita kwa wiki. Ijumaa inaitwa siku yangu ya mapumziko, lakini simu haijui Ijumaa.

Hiyo simu ndiyo inayonimaliza. Oda ya jikoni shefu ananitumia saa nne au saa tano usiku, akishamaliza kuhudumia chakula cha usiku, basi nalala nayo chini ya mto. Ikichelewa, sipati usingizi kwa kuisubiri. Ikija, sipati usingizi kwa kupanga kitapatikana wapi. Na msimu wa wageni, kuanzia mwezi wa sita, ndio huo huo wa kusi. Bahari inachafuka, vyombo haviendi, samaki anaadimika na bei inapaa, na hoteli imejaa. Meneja anataka kujua kwa nini matumizi yamepanda. Shefu anataka kujua jodari yuko wapi. Jibu ni upepo, lakini upepo hauandikwi kwenye risiti.

Juzi nilikuwa Malindi kwenye mnada. Jodari kashalazwa sakafuni, mnadi anaita bei, mkono mmoja nina noti na mkono wa pili simu inaita. Nikaanza kuhesabu zile noti, nikafika katikati nikapotea. Nikaanza upya, nikapotea tena. Kijana anayenibebea mzigo akazichukua mkononi mwangu, akanihesabia mbele za watu. Moyo unanienda mbio, kifua kimebana, natoka jasho jembamba na asubuhi yenyewe ilikuwa ya upepo. Nilipita duka la dawa nikapimwa presha, wakaniambia 152 kwa 96. Nikanunua dawa ya kichwa nikaendelea na kazi. Mke wangu sijamwambia, maana ataingia wasiwasi bure.

Jioni nikifika nyumbani huzima vespa nikakaa juu yake, gizani pale nje, mpaka nijihisi naweza kuingia. Ndani kuna mabaya gani? Hakuna. Nyumba nzuri, mke mwema. Lakini mwanangu wa miaka saba siku hizi anamuuliza mama yake kwanza, "Leo Baba ana simu?" Akiambiwa ndiyo, haji.

Nyumbani Wete mimi ndiye wa kupigiwa. Baba mgonjwa wa magoti, mdogo wangu yuko chuo, dada yangu anajenga, na magrupu ya michango ya harusi sijui hata nimeingizwa na nani. Hakuna anayeomba kwa ubaya. Lakini wote wanajua niko hotelini, kwa hiyo pesa ninazo.

Sasa hoteli hiyo ina nyengine mbili za mmiliki mmoja, na meneja ameniita. Wanataka niwe mkuu wa manunuzi wa zote tatu. Mshahara utaongezeka kama nusu ya huu wa sasa na nitapewa gari. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mke wangu kasema, "Mimi sitaki gari, nataka mume." Baba kwa simu kasema riziki haikataliwi. Shemeji yangu ana duka la vyakula Darajani, ananishauri niache hoteli niingie naye dukani. Mama mdogo anasema hii ni hasadi ya watu kazini, nisomewe na ninywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Qur'ani. Rafiki yangu barazani akanitania kuwa nikiendelea hivi nitaishia Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Wote walicheka, na mimi nikacheka nao, ila usiku lile neno lilinirudia.

Mimi si mvivu, Mshauri. Wenzangu wanafanya kazi ngumu kuliko hii juani na hawalalamiki. Kwa nini mimi imenishinda? Na hiki cheo nikikubali au nikikatae?

Mnunuzi, Fuoni


JIBU LA MSHAURI

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Ahsante kwa kuandika kwa uwazi. Mwanamme kuandika kwamba anakaa juu ya vespa gizani kwa kuwa hana nguvu ya kuingia kwake, hilo si jambo jepesi, na nimelipokea kwa heshima yake.

Kwa nilivyokufahamu, umeniuliza swali la cheo, lakini barua yako imebeba na mengine: mwili unaokupa ishara, kazi isiyo na saa ya kufungwa, na jamaa wanaokuona wewe kuwa ndiye mwenye mkono mrefu. Cheo kimekuja juu ya yote hayo. Ndiyo maana ukijaribu kulijibu hilo moja peke yake unashindwa. Niruhusu nianze na mwili, kwa sababu huo hausubiri mwisho wa mwezi.

Presha huanza kuhesabiwa kuwa ya juu ikifika 140 kwa 90, na wewe umepita hapo. Lakini haithibitishwi kwa kipimo kimoja, tena cha mtu aliyetoka mbio sokoni. Pima siku kadhaa mfululizo, asubuhi na jioni. Kaa kwanza dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, na kahawa usiwe umekunywa karibuni. Ziandike namba zote umpelekee daktari, umsimulie na kisa cha Malindi kama ulivyonisimulia mimi. Huenda ikawa ni wasiwasi uliokushika ghafla, huenda ni presha, huenda ni yote mawili. Mimi kwa barua siwezi kuyatenganisha, na dawa ya kichwa nayo haiwezi. Na kifua kikija kubana kwa maumivu yanayoshuka mkononi au kupanda kwenye taya, pumzi ikawa nzito, usipande vespa na usisubiri mzigo ufike. Upelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Mama mdogo usimkasirikie. Kusomewa Qur'ani hakujamdhuru mtu, na kama kunakutuliza moyo, kaa usomewe. Ila kusiwe ndiyo sababu ya kuchelewa kupima presha, na ukimpata wa kukuambia uache dawa za daktari au ulete fedha nyingi, huyo muage kwa adabu. Ama hilo la Kidongo Chekundu, pale ni hospitali, na wanaokwenda pale ni wagonjwa kama wagonjwa wengine. Barazani watu hulifanya tusi, na tusi hilo ndilo linalowafanya wanaume wengi wanyamaze mpaka mambo yaharibike. Wewe mlango wako wa kwanza ni daktari wa kawaida. Akiona unahitaji mtu wa kuzungumza naye aliyesomea, atakuelekeza, nawe nenda bila ya kujificha.

Umeuliza kwa nini imekushinda wewe na wenzako juani hawalalamiki. Wazee wetu walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyo wa juani hujui usiku wake ukoje, na yeye hajui wako. Tena nakuomba ulitazame hilo neno "imenishinda" ulilojiandikia. Barua yako inaonesha mtu ambaye jikoni kwake hakujakosekana kitu, na kwa sababu hiyo wanataka kumpa hoteli tatu. Kazi hujashindwa nayo hata kidogo. Unayoiendesha ipasavyo inakula kitu ambacho hakimo kwenye mshahara.

Nikueleze kilichotokea pale mnadani, pengine kitakuondolea aibu. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli, na homoni nyengine iitwayo kotisoli hufuata ili kuuweka mwili macho. Katika hali hiyo akili hung'ang'ania ile hatari tu, na kile kijisehemu cha kumbukumbu cha kushika hesabu ya papo kwa papo hupungua nguvu. Mtu yeyote angeweza kupotea katika noti. Mambo haya yameumbwa yaje na yapite, mwili utulie. Kwako hayapati nafasi ya kupita, kwa sababu kabla la shefu halijesha la meneja limeingia, na usiku ambao ungekurudisha sawa unaulala na simu chini ya mto.

Na saa zako ni nyingi kweli, hilo si hisia. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili usiku, siku sita, hata ukitoa safari na mapumziko unapita saa 55 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa uchambuzi wao mwaka 2021: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, wakilinganishwa na wa saa 35 mpaka 40, wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa maradhi ya moyo kwa asilimia 17. Sikutajii haya kukutisha. Nakutajia kwa sababu kila unapomweleza mtu uchovu wako unaomba radhi, na huna haja ya kuomba radhi.

Lakini wingi wa saa sidhani kama ndio mzizi wenyewe. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani aitwaye Robert Karasek aliandika jambo ambalo tangu hapo limekuwa msingi wa mazungumzo mengi ya afya kazini. Alisema kazi inayomchosha mtu vibaya kabisa ni ile inayomdai mengi huku ikimpa uamuzi mdogo wa namna ya kuyafanya. Kazi ikidai mengi na mwenyewe akawa na sauti ya kutosha, huchosha, lakini pia hukuza. Sasa irudie barua yako kwa jicho hilo. Oda inakuja saa anayotaka shefu. Bei inapangwa na kusi. Matumizi anayahoji meneja. Gari ya mzigo ina dereva wake. Lawama zote zinakuja kwako, na hakuna hata moja katika hayo uliyoniambia kuwa unaliamua wewe.

Ndiyo maana naliona swali la cheo kwa upande mwengine. Baba yako anaona riziki, mkeo anaona saa zitakazozidi, na wote wawili wana haki. Mimi ningetaka kujua kwanza, je, hicho cheo kinakupa sauti, au kinakupa mashefu watatu badala ya mmoja?

Yapo mambo yanayoweza kuulizwa, na yanaulizika hata kama utabaki hapo ulipo. Hoteli inajua leo kesho italala na wageni wangapi. Basi kwa nini oda ije saa tano usiku? Inaweza kufungwa saa kumi na mbili jioni, na kitakachosahauliwa baada ya hapo kikangoja siku ya pili, isipokuwa cha dharura kweli. Mkae na shefu muandike orodha ya badala: jodari akikosekana achukuliwe nani, ngisi akipita bei fulani aachwe, pweza anunuliwe mpaka kiasi gani. Karatasi moja ya namna hiyo, imetiwa saini na shefu na meneja, itakuondolea simu nyingi za mnadani, maana utakuwa unaamua kwa idhini uliyokwisha kupewa. Msimu wa kusi uwe na bajeti yake, si ile ile ya kaskazi bahari ikiwa shwari. Halafu kuna Ijumaa. Simu ya kazi ashike mtu mwengine, jina lake lijulikane, na yako izimwe. Soma na mkataba wako. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, inazungumzia saa za kazi, kazi ya ziada na likizo, na Kamisheni ya Kazi wapo kwa ajili ya kuulizwa. Kuuliza si kushtaki.

Utaniambia, nani atamuendea meneja na maneno hayo? Wewe, na wakati ndio huu. Mwezi huu wao ndio wanaokuomba. Ukishasema ndiyo bila ya kuuliza kitu, utakuja kuyaomba hayo ukiwa mdaiwa. Hatari yake ipo, siifichi: meneja anaweza kukuona msumbufu, akampa mwengine. Ila namna atakavyokujibu itakuonesha huko mbele kuna nini kuliko gari. Akikwambia "njoo tuyapange," hilo ni jibu. Akikwambia "wewe chukua kwanza, hayo tutayaona," na hilo ni jibu pia.

Ukikubali cheo pamoja na msaidizi na masharti hayo, inawezekana ukawa na saa chache sokoni kuliko leo, kijana mwengine akasimama Malindi nawe ukapanga. Wapo waliopumua kwa kupanda. Ukikubali bila ya hayo, nahofia kwamba mshahara ule wa ziada utaanza kuliwa kabla hujaupokea, kwa kuwa huko Wete habari za gari zitafika mwanzo. Ukikataa, huenda ukapata amani ya muda, lakini simu ya saa tano usiku itabaki pale pale chini ya mto, na pengine utaletewa mkubwa juu yako ambaye hamjui pweza wa Malindi wala wa Paje. Kukataa peke yake hakubadilishi kitu katika hayo uliyoniandikia.

Na duka la shemeji? Nalipenda kwa jambo moja, kwamba duka hufungwa. Jioni unashusha mlango unakwenda zako. Ila ingia kwa macho mawili. Ni mwajiriwa wake au mshirika? Fedha yako itakuwa ngapi, faida inagawiwa vipi, hasara ni ya nani, na nani ana neno la mwisho siku mkitofautiana? Mambo haya huandikwa mapema, mkiwa bado mnacheka. Ukigombana na meneja unarudi nyumbani kupumzika. Ukigombana na shemeji yako, ugomvi unakutangulia nyumbani. Fikiria pia michango yako ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ambayo hotelini sehemu yake hutoa mwajiri, na miezi ya masika ambapo mji hupoa na mauzo hupoa nao. Na usilichague duka kwa sababu ya kukimbia tu. Mtu aliyechoka sana huona kila mahali pengine ni pazuri, kwa hiyo ikiwezekana, chukua kwanza likizo yako, ulale, kisha ulitazame duka tena uone kama bado unalitaka.

Tuje kwenye jamaa. Hapa nitakwenda polepole, kwa sababu kumsaidia baba anayeumwa magoti ni ibada na ni fahari, na sikutegemei uache. Ninachouliza ni hiki: hao ndugu zako wanajua unapata kiasi gani na unabakiwa na nini? Umeandika kwamba wote wanajua uko hotelini, kwa hiyo pesa unazo. Wamejuaje? Mara nyingi mtu anayetoa bila ya kusema neno huwa ndiye aliyewafundisha wenzake kwamba hana mwisho. Unaweza kupanga fungu moja kwa mwezi, la baba likatoka kwanza, linalobaki likawa la mdogo wako, na la harusi likawa dogo linalojulikana, likiisha limekwisha. Uzungumze na dada yako kabla, umshirikishe hesabu yenyewe, ili neno litoke kwenu wawili. Watakuwepo wa kusema kajisahau. Litauma. Lakini lipime na hili la sasa, ambapo kila mlio wa simu kutoka Pemba unakushtua kabla hujajua kama ni salamu.

Nimeliacha la mkeo mpaka hapa kwa makusudi. Umeniambia hujamwambia habari ya kifua ili asiingie wasiwasi bure. Ndugu yangu, mlio wa vespa ya mume kila mke anaujua. Anausikia ukija, anausikia ukizimwa, halafu hasikii mlango. Unadhani hapo katikati anafikiri nini? Huenda amekwisha kuingia wasiwasi zamani, tena wa mambo mabaya kuliko ya kweli. Aliposema anataka mume, wewe ulisikia kwamba anakataa cheo. Mimi nimesikia na jambo jengine, kwamba anakuuliza umekwenda wapi. Mwambie habari ya Malindi, zile noti, ile presha. Mwambie kwa sauti ya kawaida, watoto wakishalala, na usimpe suluhisho lolote usiku huo. Kisha muulize yeye angependa nini, mbali na gari na mshahara. Pengine atasema jambo dogo ambalo hujalifikiria.

Na mtoto anayeuliza kama Baba ana simu amekupa kipimo kilicho wazi kuliko cha duka la dawa. Tafuta mahali pa simu ndani ya nyumba, kabatini, jikoni, popote, ikae hapo tangu unapoingia mpaka watoto walale. Kama oda itakuwa imefungwa jioni, hakuna kitakachoharibika. Na kama bado haijafungwa, shefu anaweza kungoja mtoto amalize kukusomea ukurasa mmoja wa kitabu cha skuli.

Yapo na madogo madogo ya mwili, nayataja kwa haraka kwa kuwa unayajua. Kahawa ya mchana na vile vinywaji vya kopo vya kutia nguvu vipunguze, maana nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano na zaidi baada ya kuinywa, na wewe usingizi tayari ni wa kuibiaibia. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za kulala. Wewe ukitoa usiku wa kungoja oda, sijui zinabaki ngapi. Mwendo wa miguu wa nguvu kidogo, dakika 150 kwa wiki ukizigawa, husaidia presha na husaidia kichwa. Wenzako wengi hufika viwanja vya Maisara jioni kwa ajili hiyo. Ijumaa baada ya Alasiri ingekufaa, na ukimchukua mwanao itakuwa umefanya mawili.

Kuna jambo moja la kazini ningependa ulijaribu wiki hii hii, kabla ya kuzungumza na yeyote. Siku yako tayari ina vituo. Adhuhuri inakukuta hotelini, Alasiri hukukuta huko huko au njiani. Hukuniandikia unasali vipi, lakini nawajua wanaume wengi wa kazi kama yako, simu hutetemeka mfukoni wamo kwenye sijda. Iache nje, kwa mwenzio wa stoo, au izime. Ukishatoa salamu usiinuke mara moja. Kaa, vuta pumzi kwa pua taratibu, itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, urudie mpaka mabega yashuke. Kutoa pumzi kwa kirefu huupunguza mwendo wa moyo, na ni tiba isiyokugharimu kitu. Utajua pia jambo jengine: katika muda ule ambao hukupokea, hoteli ilipata hasara gani? Ukiona haikupata, hilo ni la kumpelekea meneja.

Kuhusu jibu la mwisho wa mwezi, sitakusemea, kwa sababu utakayelibeba ni wewe na mkeo. Anza na daktari na mkeo, kisha shefu na ile orodha ya badala, halafu meneja. Ukishazungumza naye niandikie tena, uniambie amesema nini kuhusu saa ya kufunga oda na nani atashika simu ya Ijumaa. Habari ya duka tuizungumze baada ya hapo.